Tulia, Haiumi

"Tulia mama, haiumi hata kidogo. Nikimaliza nakupa soda."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akisema maneno hayo akiwa kifudifudi kwenye vumbi la Kimwani, damu inamtoka sikioni, watu wamemzunguka na fimbo. Walimuuliza alikuwa anampimia nini yule mtoto. Akajibu hivyo. Wakampiga. Wakamuuliza tena, akajibu vile vile, kwa sauti nyororo ya mwanamke msomi, sauti ambayo si yake. Kila alipoisema ndipo walipozidi kuwaka.

Mimi nilifika na jembe mkononi. Nilikuwa shambani nikasikia nduru. Kwetu nduru ikipigwa hukai. Uwe mwanamume, uwe mwanamke, unatoka na ulichonacho, maana atakayebaki nyumbani kesho ataulizwa alikuwa upande wa nani. Kwa hiyo nilikimbia kama wenzangu, nakwenda kusaidia kumkamata mtu. Njiani mama mmoja akaniambia huku anahema, "Wamemkamata mnyonya damu! Alikuwa anampima mtoto wa watu kwa futi!"

Aliposema futi, nilijua ni nani. Jembe lilianguka na sijui mpaka leo nani alilichukua.

Nilipopenya katikati nilimwona. Futi yake ya njano, ile ya kitambaa kama ya fundi cherehani, ilikuwa imemzunguka mkononi. Kijana mmoja alikuwa ameinua chupa ya soda waliyoikuta mfukoni mwake, anawaonyesha watu. "Oneni! Dawa ya kumlewesha mtoto hii hapa!" Juu kule kwa fundi baiskeli, tairi la pikipiki lilikuwa linashuka mteremkoni likijiviringisha lenyewe, watoto wanalikimbiza wakicheka kama vile ni mchezo. Nikajua ni la nini lile tairi. Mkojo ulinitoka nikiwa nimesimama. Sikuona aibu, wala hakuna aliyeniangalia.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo. Amesimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri ibada ianze. Nikamshika shati.

"Mwenyekiti, huyu unamjua! Waambie!"

Akanitazama. Akawatazama watu. Akasema, "Mama, mimi nitamjuaje kila mtu? Huku wanakuja wengi."

Basi nikaenda kulala juu ya mdogo wangu, maana sikuwa na kitu kingine cha kumfunika.

Nirudi nyuma kidogo. Nisiporudi nyuma utafikiri hiki ni kisa cha watu wakali wa Kimwani tu, na wale waliokitengeneza watapita salama.

Sisi tumezaliwa Kaagya, upande wa Bukoba, kwenye kibanja cha baba, migomba na kahawa. Mimi wa kwanza, niliishia darasa la tano. Yeye ndiye wa mwisho, shule walimrudisha wiki ile ile aliyoanza. Alichelewa sana kusema, na alipoanza hakusema maneno yake, alisema ya watu. Alikuwa anaweka maneno kichwani kama redio ya kanda. Mwinjilisti akihubiri Jumapili, Jumatano unamsikia mwinjilisti yuko nyuma ya jiko, mpaka kikohozi chake. Mama alicheka sana. "Leo nimesali mara mbili," anasema.

Lakini kazi alijua. Katika kuchuma kahawa hukuti punje ya kijani kwenye kapu lake. Majani makavu ya migomba aliyakata yote kwa urefu mmoja, na ole wako uyasogeze. Kilichomshinda ni kuguswa. Ukimgusa bila yeye kujua alipiga kelele mpaka majirani wanatoka. Na maumivu hakuyasema. Jino lilimwoza mpaka shavu likavimba kama papai ndipo tukajua. Mama aliogopa hilo kuliko yote. Alikuwa akiniambia, "Siku moja ataumwa kitu cha kumwua, naye atakuwa ananihubiria."

Ugonjwa wenyewe haukuwa na jina. Walimwita zuzu, walimwita aliyerogwa. Ameota ndevu, ana kifua cha mtu mzima, bado watu wanamwita mtoto wa mama fulani.

Ndipo lilipokuja lile gari jeupe. Walikuwa na ofisi mjini Bukoba, nyumba ya kupanga pale Bakoba, na wakubwa wao walikuwa huko mbali. Kiongozi wao alikuwa daktari mwanamke. Mtu wa nchi hii hii, nalisema hilo wazi msije mkadhani nawasema wageni. Alikaa kwenye mkeka wetu akatafuna kahawa aliyopewa, akatuambia kitu kile kinaitwa usonji. Mama alilia. Alilia kwa furaha, kwa sababu kitu chenye jina hakijarogwa.

Daktari akasema, "Mama, watoto wenye usonji kila mtu anawauliza habari zao. Wakishakuwa watu wazima hakuna anayewauliza. Hatujui wanalalaje, meno yao, mioyo yao, kama wana huzuni. Sisi tunataka kuwafuata."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

"Mpaka wazeeke, mama."

"Mpaka wazeeke?"

"Mpaka wazeeke."

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akisema polepole, kwa sauti ya yule yule daktari: mpaka wazeeke, mama.

Siku ya kwanza ya kupima hakukubali. Alipanda juu ya kichanja cha kuni akaziba masikio. Daktari hakulazimisha, na hapo nampa haki yake. Alikaa chini, akakunja mkono wa gauni lake, akajipima mwenyewe kwa futi ya njano huku anajisemea, "Tulia mama, haiumi hata kidogo. Nikimaliza nakupa soda." Akamaliza, akafungua soda, akanywa. Halafu akamrushia futi. Mdogo wangu akashuka, akampima daktari. Kisha akanyoosha mkono wake apimwe. Mama alisimama mlangoni kashika mdomo. Toka azaliwe hakuna mgeni aliyewahi kumshika mkono.

Toka hapo ikawa hivyo kila mwaka. Senene, wale panzi wa kuliwa, wakishaisha msimu wao, gari linakuja. Wanampima uzito, presha, mkono, tumbo. Wanamtoa damu. Wanamuuliza maswali na sisi tunamsaidia: umelala vizuri, kila siku, mara chache, au hapana? Umejisikia mpweke? Mwisho soda. Mwaka ule wa kwanza, siku ya kuondoka, daktari alimwachia ile futi. Akamwambia mbele yetu, "Wewe ndiye msaidizi wangu. Nisipokuwepo, unapima wewe."

Maneno hayo nayakumbuka kuliko maneno ya ndoa yangu. Nisipokuwepo, unapima wewe. Kwako wewe unayesoma hayo ni maneno ya kumfurahisha mtu. Kwa mdogo wangu hakuna maneno ya kumfurahisha mtu. Neno ni neno, na limetoka kwa mwenye nalo.

Kaagya yote ilipimwa. Alipima mbuzi, alipima migomba, alipima vibibi njiani kwenda kanisani. Watu walinyoosha mikono wanacheka. "Mimi nimenenepa, daktari?" "Soda yangu iko wapi sasa?" Hakuna aliyemwogopa, kwa sababu walimjua toka yuko mgongoni mwa mama.

Kosa letu lilikuwa lile, na ni kosa ambalo angelifanya kila mtu kule kwetu. Tulidhani kupimwa ndiyo kutibiwa. Tulidhani mtu anayechukuliwa damu kila mwaka na daktari mwenye gari ana mwenyewe, ana watu wanaomwangalia, hawezi kupotea. Mama alikufa na amani hiyo. Alipokuwa kitandani aliniambia, "Huyu simwachi peke yake. Ana wale wa gari." Mimi nikaitikia.

Arobaini ya mama haijatimia, baba mdogo akaja na wazee wa ukoo. Baba yetu alikuwa amekwishakufa zamani, na mrithi kwa desturi ni mtoto wa kiume, yaani mdogo wangu. Baba mdogo akasema mbele ya wote, "Kibanja cha wazee hakiwezi kukaa kwa mtu ambaye hajui kuitikia salamu."

Nikasema, "Tata, anajua kukilima kuliko watoto wako."

"Wewe umeolewa, nyamaza."

"Nimefiwa na mume."

"Basi rudi ulikofiwa."

Nikarudi. Toka nifiwe nilikuwa kwa mama, lakini mume wangu marehemu alikuwa ameniachia shamba la mahindi na mihogo huku Kimwani, Muleba. Nikamchukua mdogo wangu na mfuko wake wa nguo na futi yake. Siku ile tunaondoka alikuwa anagusa migomba mmoja mmoja, na baba mdogo amesimama anangoja amalize ili afunge uzio. Nchi ya huku ni ya joto, watu wametoka pande nyingi, hakuna anayemjua mwenzake baba yake nani. Nilianza kuogopa toka siku ya kwanza. Niliogopa hasa njia ya kwenda kisimani, kwa sababu inapita mbele ya nyumba za watu wenye watoto.

Gari lilitufuata mpaka huku. Nilishukuru sana. Daktari hakuanzia kwangu, alianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, kama utaratibu unavyotaka. Tulikaa uani kwake, tukanywa soda zake daktari. Akasema, "Mwenyekiti, huyu ni mtu wetu. Ana usonji. Hamdhuru mtu. Tunaomba umwangalie."

"Huyu toka leo ni mtoto wangu, daktari."

Mdogo wangu akasimama, akaenda na futi yake, akampima mwenyekiti tumbo. Futi ikagoma kukutana. Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. "Mwenyekiti, kitambi kimeshinda serikali!" Mwenyekiti mwenyewe alicheka akafuta machozi, akapokea soda kutoka mkononi mwa mdogo wangu. Kutoka mkononi mwake. Halafu eti mimi nitamjuaje kila mtu.

Halafu mwaka mmoja senene waliisha na gari halikuja.

Mdogo wangu alioga, akavaa shati la kanisani, akakunja mkono wa kulia, akakaa kwenye gogo pale njiani. Jioni nikamwambia twende ndani. Kesho yake akaoga tena. Mkono ule uliokunjwa uliungua na jua ukawa na rangi nyingine. Nilipiga simu, namba haipatikani. Nikapiga mpaka yule mtu wa duka aliyekuwa ananiwekea vocha akasema, "Mama, hao wamekuacha, kubali."

Nilifunga safari nikaenda Bukoba, mpaka Bakoba. Ile nyumba nikaikuta ni saluni. Dada mmoja anasuka mteja mlangoni akaniambia, "Wale wa damu? Walihama zamani. Nasikia mradi uliisha." Akaendelea kusuka. Nilikaa kwenye ngazi pale, jua linaniwakia. Sikuwa nalilia mradi. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili na kwa Kihaya, nikiwa nimekaa chini kama alivyokaa daktari. "Hawaji tena. Kazi imeisha."

Akanijibu kwa sauti ya daktari, "Mpaka wazeeke, mama."

"Imeisha, baba."

"Mpaka wazeeke."

Unaona? Neno lile halikuwa langu, siwezi kulifuta. Mwenye nalo ndiye anayeweza.

Ndipo ikaja siku ile. Nilikuwa nimempa soda asubuhi, ya machungwa, nikaona hakuinywa, akaiweka mfukoni. Nilifikiri ataikumbuka baadaye. Nikaenda shambani. Yeye, kumbe, alikuwa ameamua kazi isilale. Daktari hayupo, anapima msaidizi. Alitoka, akaingia uani kwa mtu, akakuta kitoto cha kike kinacheza na magunzi. Akakaa chini. Akakishika mkono akakizungushia futi. Akasema yale maneno aliyofundishwa.

Sasa wewe uwe mama wa yule mtoto. Uko jikoni, unasikia mwanamume usiyemjua anamwambia binti yako tulia mama, haiumi, nikimaliza nakupa soda. Na wakati huo redio na mdomo wa kila mtu ni habari za watoto wanaookotwa wamekufa. Ungepiga nduru. Mimi mwenyewe ningepiga, tena ningepasua koo. Yule mama simtaji kati ya ninaowataja.

Nimekwisha kusema nililala juu yake. Fimbo ya kwanza iliyokuwa yake ilinipata mimi kwenye mkono, nikasikia mfupa. Wengine wakaanza kunivuta miguu. "Mtoeni huyo mwanamke! Ni mwenzake!" Tairi lilikuwa limeshafika, nililiona limelala pembeni ya kichwa chetu, naweza kukwambia hata alama zake. Mtu akawa anabishana na kijana wa bodaboda ampe petroli. Nilitaka kusali, sala ikakataa. Kilichokuwa kinazunguka kichwani ni jambo la kijinga, kwamba sijaanua mihogo.

Chini yangu mdogo wangu akanyamaza kidogo. Nikadhani amekufa. Halafu akaanza upya, pole pole, kwa sauti ile ile ya ofisini:

"Wiki mbili zilizopita, umelala vizuri? Kila siku, mara chache, au hapana?"

Yule kijana mwenye fimbo akasimama. "Eti nini?"

"Umejisikia mpweke? Kila siku, mara chache, au hapana?"

"Anasemaje huyu?"

"Anakuuliza kama unalala vizuri!" mtu akasema nyuma.

"Huyo atalalaje? Mke wake anakoroma kama mashine ya kusaga!"

Mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Kicheko kikasambaa. Mwingine akasema, "Mjibu daktari basi, mara chache au kila siku?" Nakwambia walicheka watu wale, na fimbo wamezishika. Watu wakishacheka hawawezi tena kuchoma, kitu fulani kinawalegea. Yule wa petroli akaondoka na pikipiki yake. Mmoja mmoja wakakumbuka walikuwa na kazi. Hatukuokolewa na huruma. Usije ukasema ni huruma.

Mkono wangu uliungwa hospitali, umepinda, jembe silishiki vizuri. Sikio lake la kushoto halisikii. Mwenyekiti alikuja kutuona, kaleta sukari.

"Mama, na wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Watu walikuwa wamechafuka."

Nikamwambia, "Ungesema neno moja. Namjua."

"Wangenigeukia."

"Mimi hawakunigeukia?"

Akanyanyuka akaondoka. Sukari niliwamwagia sisimizi.

Nimeandika haya kwa mkono mbovu, na majina yao sikuyaweka. Ila kazi zao nimeziweka, na kwa kazi zao wanajulikana. Baba mdogo aliyetung'oa mahali ambapo kila mtu alikuwa anamnyooshea mdogo wangu mkono, akatutupa kwa watu wasiomjua. Mwenyekiti aliyepokea soda kwake akamkana mbele ya tairi. Na daktari. Wewe daktari zaidi ya wote, kwa sababu hao wawili walinichukia, lakini wewe nilikuamini. Najua utasema mradi una mwisho, wakubwa walifunga, si wewe. Sikuulizi habari za mradi. Simu ulikuwa nayo. Njia ya Kimwani uliijua. Mliandika anavyolala kila mwaka, basi aje mtu aandike anavyolala sasa: amekaa, mgongo ukutani, mlango umezuiwa kwa kinu.

Na futi bado anayo. Nilijaribu kuificha, akajipiga kichwa ukutani mpaka nikaitoa. Gari lolote likipita barabarani anakunja mkono wa shati na kwenda mlangoni. Mimi nakimbia nyuma yake kama mwehu, nguo zinanivuka, kwa sababu akitoka tu, akakutana na mtoto wa mtu, hakuna atakayecheka mara ya pili. Sasa ninafunga mlango nikienda kisimani. Namfungia ndani mtu mzima, mwanamume, kama kondoo. Senene wakikaribia kuanguka, wenzangu wanafurahi, mimi nakagua komeo la mlango.

Mwenyekiti asimame pale pale ilipopigwa nduru aseme, huyu nilimjua. Ukoo umjibu mdogo wangu, mwenye kibanja. Hayo nitayadai mwenyewe, nina mdomo. Lakini moja siliwezi. Daktari, huna haja ya kuja na mashine wala soda. Njoo ukae chini kwenye mkeka, ukunje mkono wako, na kwa sauti ile ile uliyomfundishia umwambie mdogo wangu kwamba kazi imekwisha na yeye si msaidizi wako tena. Ulimwambia mpaka wazeeke. Njoo umjibu, ni lini alizeeka?